Siku ya Kwanza ya Dawa ya Saratani

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome maneno haya kwa sauti, kisha wanafunzi wayasome wenyewe, fungu moja moja.

Kila mmoja awe na karatasi hii mbele yake, na kalamu, na daftari. Nasema daftari hasa, maana leo daftari ndilo chombo chetu cha kazi.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa wa saratani, ambao wengi huuita kansa. Sitaeleza habari zake zote, maana ni ndefu. Nitaeleza habari za siku moja: siku ile mgonjwa anapokwenda hospitali kuwekewa dawa ya saratani kwa mara ya kwanza. Na sisemi na mgonjwa peke yake. Nasema hasa na wewe ndugu yake, utakayefuatana naye.

Labda utauliza, "Mimi si daktari wala mwuguzi. Kusoma na kuandika nimejifunza juzijuzi tu. Nitamsaidia nini mtu mwenye ugonjwa mkubwa kama huo?" Sikiliza mpaka mwisho. Utaona kwamba iko kazi ambayo daktari hawezi kuifanya, nawe unaiweza.

Na tuchukue mfano. Tuseme unakaa Kilosa. Shangazi yako ana uvimbe katika titi. Amekwenda hospitali, kimekatwa kipande kidogo cha uvimbe huo kikapimwa, na daktari amemwambia kuwa ni saratani. Sasa amepewa tarehe ya kufika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, aanze dawa. Hospitali hiyo iko kando ya bahari. Jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani, likafunguliwa mwaka 1897. Mwaka 1996 sheria ilitungwa ya kuifanya taasisi ya saratani. Watu wa upande wa ziwa hutibiwa pia Bugando, mjini Mwanza, na watu wa kaskazini hutibiwa KCMC, mjini Moshi.

Dawa hii ni nini?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizo huzaliana kwa utaratibu: nyingine hufa, nyingine huchukua mahali pake. Saratani ni chembe zilizoacha utaratibu. Huzaliana ovyo, zikafanya uvimbe, kisha zikatawanyika mwilini.

Dawa ya saratani huua chembe zinazozaliana upesi. Tiba hii wataalamu huiita tibakemia. Mara nyingi dawa hupitishwa katika mshipa wa damu, ikazunguka mwili mzima, ikazifuata chembe mbaya hata pale ambapo kisu cha daktari hakifiki.

Lakini dawa haina macho. Mkulima anapopalilia shamba lililosongwa na magugu, jembe lake hukata pia mizizi michache ya mahindi. Mahindi hunyauka kidogo, kisha huinuka tena. Ndivyo ilivyo mwilini. Nywele, ngozi laini ya kinywani, utumbo, na chembe za damu zinazotengenezwa ndani ya mifupa, vyote hivi huzaliana upesi. Kwa hiyo navyo hupigwa na dawa, kisha huinuka tena baada ya muda. Ndiyo sababu mgonjwa hutapika, huchoka, hupata vidonda vya kinywa, na mara nyingine nywele hunyonyoka.

Watu wengine husema dawa hizi ni mambo ya majaribio, au ni mambo ya Ulaya tu. Si kweli. Mwaka 1958, daktari mmoja mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Afrika. Katika miaka ya 1960 watoto wa namna hiyo walitibiwa kwa dawa za saratani hapo Kampala. Uvimbe uliyeyuka, na baadhi yao wakapona. Mwaka 1967 kilifunguliwa huko kituo cha tiba hiyo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Tena, dawa mojawapo, vinkristini, hutoka katika mmea wenye maua madogo ya rangi ya waridi, ambao asili yake ni Madagaska, na ambao huota hata kandokando ya nyumba za pwani yetu. Lakini usiuchume ukauchemsha! Mmea huo ni sumu. Dawa yake hutengenezwa na kupimwa na wataalamu, kidogo kidogo.

Kabla ya safari

Jambo la kwanza ni kikao cha jamaa. Watu wengi humwambia mgonjwa, "Tuko pamoja." Ni neno zuri, lakini neno hilo halipandi basi, wala halichoti maji. Kwa hiyo gawaneni kazi. Nani atafuatana naye? Nani atabaki na watoto na mifugo? Nani atatoa nauli? Nani atapika akirudi? Kila kazi iandikwe pamoja na jina la mtu.

Jambo la pili ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini mgonjwa huyu aulizwe. Mwulize shangazi anataka kufuatana na nani. Mwulize ni watu gani waambiwe habari zake na ni nani wasiambiwe. Ugonjwa ni wake, na mwili ni wake. Usiitangaze habari yake kisimani kabla yeye hajakupa ruhusa.

Jambo la tatu ni mfuko wa safari. Weka humo barua ya rufaa, majibu yote ya vipimo, na kadi ya bima kama anayo. Weka kitenge cha kujifunika, na chakula chepesi, na maji safi. Shangazi avae gauni lenye mikono mipana, ili mkono upatikane kwa urahisi. Kisha andika majina ya dawa zote anazotumia, kama vile dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari. Na kama anakunywa dawa ya miti shamba, andika hiyo pia. Mwambie daktari bila kuficha, maana dawa mbili zinaweza kupigana ndani ya mwili mmoja. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kama gharama ni nzito, usirudi nyumbani kimya kimya. Uliza hospitalini ilipo ofisi ya ustawi wa jamii, ukaeleze hali yenu.

Daftari la mgonjwa

Sasa tumefika kwenye kazi yako hasa. Mwasikia watu wakisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tiba nayo ni hivyo hivyo.

Fikiri jinsi mambo yalivyo. Shangazi amekaa mbele ya daktari, moyo unamdunda. Neno moja tu limejaa masikioni mwake, nalo ni saratani. Maneno mengine yote yanapita kama upepo. Akifika nyumbani, ataulizwa, "Daktari amesema nini?" naye hatajua. Si kosa lake. Hofu huziba masikio. Basi wewe uwe masikio yake, na daftari liwe kumbukumbu yake.

Mwulize daktari au mwuguzi maswali haya matano, ukaandike majibu:

1. Dawa hizi zinaitwaje?
2. Tiba hii ni ya kumponya, au ni ya kupunguza ugonjwa na maumivu?
3. Atawekewa mara ngapi, na kila baada ya siku ngapi?
4. Dawa za kwenda nazo nyumbani, anywe zipi, saa ngapi?
5. Akipata homa usiku, tupige simu namba gani, na twende wapi?

Kama hukuelewa, sema, "Samahani daktari, nieleze tena polepole, naandika." Hakuna aibu. Ukimaliza, msomee uliyoyaandika, naye atasahihisha.

Siku yenyewe

Asubuhi shangazi atapimwa uzito na urefu, maana kipimo cha dawa hufuata ukubwa wa mwili. Damu yake nayo itapimwa. Pengine damu itaonekana imepungua, na daktari ataahirisha dawa kwa siku chache. Msidhani mmefukuzwa. Daktari anangoja mwili upate nguvu ya kuistahimili dawa.

Kama damu ni njema, ataketi kitini au atalala kitandani, na mwuguzi atatia sindano katika mshipa wa mkono. Kwanza hupewa dawa ya kuzuia kutapika. Kisha dawa ya saratani yenyewe hutiwa, nyingine kwa sindano, nyingine kwa dripu, tone baada ya tone. Kazi hii huweza kuchukua saa moja, au saa kadhaa.

Dawa mojawapo inayotumika sana kwa saratani ya titi ni nyekundu kama juisi ya rozela. Wagonjwa wengi huiogopa kwa rangi yake. Ukijua mapema, utamwambia shangazi, "Hiyo ndiyo ile nyekundu tuliyoambiwa." Tena mkojo wake utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu.

Wewe ufanye nini wakati huo? Kaa karibu, uutazame mkono wenye sindano. Akisema panawaka moto, au ukiona panavimba, mwite mwuguzi mara moja. Akiwashwa mwili, au kifua kikibana, au pumzi ikiwa fupi, mwite mara moja. Watu wetu wamefundishwa kuvumilia, na uvumilivu ni sifa njema, lakini mambo haya si ya kuvumilia. Usione haya kwa kuwa mwuguzi ana wagonjwa wengi. Paza sauti.

Na maneno? Zungumza naye mambo ya siku zote: kuku aliyeatamia, mvua ya Kilosa, arusi ya jirani. Akitaka kimya, nyamaza naye. Akilia, usimwambie, "Usilie, wako wenye shida kuliko wewe." Maneno hayo humfunga mtu kinywa. Mshike mkono wa pili, useme, "Shangazi, niko hapa. Dripu imebaki nusu." Hayo yatosha.

Mkirudi nyumbani

Siku za kwanza atasikia kichefuchefu na uchovu. Dawa ya kuzuia kutapika anywe kwa saa iliyoandikwa, asingoje mpaka atapike. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi: uji, ndizi laini, supu, chochote anachokitamani. Kiwe kimepikwa vizuri. Maji ya kunywa yachemshwe, matunda yaoshwe. Kila atakayemhudumia anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua au kikohozi asije kumwona kwanza, hata awe mkwe. Atume salamu.

Kwa saa 48 baada ya dawa, mabaki yake hutoka katika mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glovu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na choo kifunikwe vizuri. Lakini saratani yenyewe haiambukizi. Mkumbatie shangazi, kaa naye mkekani, kula naye. Mgonjwa aliyetengewa pembe ya nyumba huugua mara mbili.

Kwa dawa ile nyekundu, nywele huanza kunyonyoka baada ya wiki mbili au tatu. Wengine huona uchungu kwa jambo hili kuliko kwa kutapika. Usimcheke, wala usimwambie kwamba nywele si kitu. Mwulize kama anataka umnyoe mapema. Mtafutie kilemba anachokipenda. Nywele huota tena tiba ikiisha.

Homa: jambo lisilongoja asubuhi

Sasa nasema neno kubwa kuliko yote ya leo. Mwalimu, fungu hili lisomwe mara mbili.

Katika damu yetu zimo chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Dawa ya saratani hupunguza askari hao. Mara nyingi hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na siku ya 14 baada ya dawa. Wakati huo mgonjwa anaweza kuonekana ana nafuu, lakini mlango wa nyumba uko wazi. Mdudu mdogo wa ugonjwa akiingia, anaweza kumwua kwa muda mfupi.

Dalili ya kwanza ni homa. Nunueni kipimajoto dukani, na kila mtu nyumbani ajifunze kukisoma. Kikionyesha 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe panadoli mkangoja asubuhi. Msiseme, "Ni malaria tu," mkanunua dawa dukani. Huenda ni malaria kweli, na hospitalini atapimwa. Lakini kwa mgonjwa huyu kukisia ni hatari. Hakuna haja ya kusafiri mpaka Dar es Salaam usiku huo. Nendeni hospitali iliyo karibu yenye daktari.

Mkifika, huenda mtakuta foleni, na watu hawamjui shangazi. Hapo fungua daftari useme, "Mgonjwa huyu amewekewa dawa ya saratani siku 10 zilizopita. Sasa ana homa. Majina ya dawa ni haya." Sentensi hizo fupi huweza kuokoa maisha. Daktari wa Kilosa hakuwapo Ocean Road. Wewe ulikuwapo, nawe uliandika.

Mpelekeni pia upesi akitokwa na damu isiyokoma, akiharisha sana, akitapika hata maji, au akishindwa kupumua vizuri.

Mara ya pili

Hatari nyingine ni ya namna tofauti. Shangazi akishakutana na machovu ya mara ya kwanza, atatokea mtu wa kusema, "Mwacheni, dawa hiyo inammaliza." Au uvimbe utapungua, naye aseme amepona. Kumbuka magugu. Ukikata majani ukaacha mizizi, yatarudi. Tiba ina hesabu yake, mara nne, mara sita, au zaidi, na kila mara ina tarehe.

Sitawadanganya. Tiba hii haimponyi kila mtu. Wengine huponywa, wengine huongezewa siku na kupunguziwa maumivu. Ndiyo maana nimewapa lile swali la pili la kumwuliza daktari. Na mgonjwa akitaka kuacha, ana haki ya kusema. Lakini aseme mbele ya daktari, baada ya kuelezwa, wala asiache kimya kimya kwa sababu hakuna aliyejitolea kumsindikiza.

Kazi ya darasa

Hapa chini pana ukurasa wa daftari la mgonjwa wa mfano wetu. Usomeni kwa sauti:

Jumanne, tarehe 4. Shangazi amewekewa dawa mara ya kwanza. Uzito kilo 58. Arudi baada ya siku 21, Jumanne tarehe 25.
Alhamisi, tarehe 6. Ametapika mara mbili. Amekunywa uji nusu kikombe.
Jumatatu, tarehe 10. Amekula vizuri. Ameketi nje jioni. Amecheka.
Ijumaa, tarehe 14, saa nne usiku. Kipimajoto 38.4. Tunaondoka sasa hivi kwenda hospitali.

Kisha jibuni maswali haya:

1. Tarehe 14 ni siku ya ngapi baada ya dawa? Kwa nini siku hizo ni za hatari?
2. Mwandishi wa daftari angengoja asubuhi, ingekuwaje?
3. Katika jamaa yako, ni nani angefuatana na mgonjwa, na ni nani angebaki na watoto? Andika majina.
4. Andika kwa mkono wako maneno utakayomwambia daktari ukifika na mgonjwa mwenye homa.

Mwezi uliopita wengine kati yenu mliandika majina yenu kwa mara ya kwanza, mkafurahi, nasi tukafurahi pamoja nanyi. Leo mmeona kalamu ile ile ikimlinda mgonjwa usiku. Kama kijijini kwenu yuko mtu aliyepewa tarehe ya kwenda kuanza dawa, usingoje aombe. Nenda leo jioni, uchukue daftari, umwambie, "Nitafuatana nawe. Nitaandika."

Mwisho wa somo letu. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, na wagonjwa wote tunawatakia nafuu.